Mahindi Yaliyoota Nyuma ya Jiko

Mwaka huo tulipanda ekari nne za mahindi na ekari moja ya viazi mviringo, kama ada yetu. Lakini mahindi ninayoyakumbuka kuliko yote ni miche 11 iliyoota nyuma ya jiko, imesongamana ukutani bila mstari wala nafasi, mahali ambapo hakuna mtu mzima aliyepanda kitu.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa nahangaika kutafuta mtu wa kunieleza habari za kuasili mtoto, mtu wa jembe kama mimi, sikumpata. Waliokuwa wanajua walizungumza kwa lugha ya ofisi. Wasiojua waliniuliza kama tunanunua mtoto.

Tunaishi nje kidogo ya Makambako, mkoani Njombe, upande ule ambao upepo hauna simile. Tuna mabinti wawili. Baada yao mimba tatu ziliharibika, na ya tatu nusura iondoke na mimi. Tulikaa kimya juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, mimi na mume wangu, hadi jioni moja tukipukuchua maharage akasema, bila kuinua uso, kwamba nyumba yetu ina nafasi ya mtoto mwingine, na watoto wasio na nyumba wapo. Sikumjibu usiku ule. Asubuhi nilimwambia aulizie ofisi ya ustawi wa jamii.

Kwetu kulea mtoto wa ndugu si habari. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita kwa shangazi yangu Mafinga, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Baba alinifikisha, akanywa chai, akaondoka. Kuasili ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama ikishatoa amri, mtoto uliyemwasili ni mwanao kana kwamba umemzaa. Hapo ndipo ndugu wa mume wangu walipotikisika. Kulea hawakuona tatizo. Walipoelewa kwamba iko siku kijana huyu atakaa kwenye kikao cha ukoo kama mwana wa nyumba, na shamba likiwa ajenda, simu zikaanza kuingia usiku. Mama mkwe wangu alisema neno moja tu: "Mtoto wa watu hurudi kwao." Hakulirudia, lakini nilitembea nalo miezi.

Kabla ya kuasili kuna hatua inayoitwa malezi ya kambo: mtoto anakaa kwako kwa kibali huku mkitazamwa mnavyoishi. Jina hilo lilinichoma. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za jioni tunamjua mama wa kambo. Ndiye anayemnyima mtoto chakula, ndiye anayemtuma kisimani usiku. Na sasa karatasi yangu ya kwanza ya umama juu ya mtoto huyu ilibeba neno hilo. Natamani wakubwa wangelitafutia jina lingine.

Afisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani mara mbili. Aliangalia vitanda, choo, na maji tunakoteka, akafunua ndoo ya unga, akazungumza na mabinti zetu pembeni ili sisi tusisikie. Mara ya kwanza niliona kama ninapekuliwa. Mara ya pili nilikuwa nimeshafikiria ni watoto wangapi wamepelekwa kwenye nyumba ambazo hakuna aliyefunua ndoo ya unga, nikamshukuru kwa dhati. Kisha jalada letu likapotea katika ofisi moja, tukaambiwa tuanze upya. Miezi minne ikaenda hivyo. Tangu siku ile kila karatasi naitolea kopi tatu: moja kabatini, moja kwa dada yangu, moja natembea nayo. Ukianza safari hii, anza na hilo.

Mtoto alikuwa kwenye makao ya watoto upande wa Morogoro. Juni 2022 tulipanda treni ya TAZARA hapa Makambako, mimi na mume wangu, na kapu la viazi kama mkono wa heri. Tuliisubiri treni kutwa nzima. Kati ya Makambako na Mlimba reli inapita kwenye mahandaki na madaraja yaliyoning'inia juu ya mabonde marefu. Unaondoka kwenye misindano na baridi, unashuka Kilombero kwenye mpunga na joto, sweta limeshageuka mzigo. Mume wangu hakusinzia. Kila tukiingia handakini alinishika mkono, na tukitoka kwenye mwanga aliuachia.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Habari za alikotoka kabla ya pale siziandiki, wala jina lake, maana ni vitu vyake. Akikua atavisema mwenyewe akitaka. Alitusalimu shikamoo, akaniita mama palepale. Machozi yakanilengalenga. Baada ya saa moja nikamsikia akimwita mama mpishi, na mama wa zamu, na mama anayefua. Pale kila mwanamke ni mama. Nikajua kwamba neno lile bado sijalipata.

Tulirudi Julai kumwona tena, na Septemba. Nauli ilitukaba. Agosti 8, siku ya Nanenane, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea kule Mbeya. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ambao kwetu ulikuwa umefika 130,000 na kitu, ukawa 70,000. Ilibidi kujiandikisha upate namba, na foleni kwa wakala ilianza kabla jua halijachomoza, lakini nafuu ile ndiyo iliyotubakizia fedha ya kwenda kumchukua. Nimeona watu wakisimulia kuasili kana kwamba ni mapenzi matupu. Mapenzi yalikuwepo. Na mbolea pia.

Kibali kikatoka, na Oktoba tukapanda naye treni. Tulifika Makambako usiku wa manane. Mama mkwe alikuwa anangoja na blanketi, akamwambia "Kamwene," salamu ya kwetu, na mtoto akanitazama usoni, hajui ajibu nini. Nilimfunga blanketi. Alikuwa anatetemeka, na sikuweza kujua baridi ni kiasi gani na hofu ni kiasi gani.

Alikula haraka, mkono wa kushoto ukiwa umezunguka sahani kama boma. Wiki ya kwanza nilikuta tonge la ugali mfukoni mwa kaptula yake. Kisha kiazi chini ya mto. Kisha kipande cha mhogo ndani ya kiatu cha dada yake, kimeshaota ukungu. Nilimgombeza. Nilisema maneno ambayo mama yangu aliniambia mimi: hapa chakula hakifichwi, kinavuta panya. Aliitikia "ndiyo mama," na kesho yake nikakuta kingine.

Mvua zilishika mwishoni mwa Novemba, na wiki ya kwanza ya Desemba tukaanza kupanda. Mbegu ilikuwa chotara, UH 6303, nayo huja imepakwa dawa, ina rangi ya waridi iliyokoza inayobaki vidoleni. Tunapanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Mume wangu alitangulia na kamba, binti mkubwa akafuata na jembe, mimi na binti mdogo tukawa tunadondosha mbegu. Mtoto nilimkalisha kivulini kando ya shamba, kwenye khanga. Kosa langu ni kwamba mfuko wa mbegu uliofunguliwa ulikuwa kwenye kivuli hichohicho.

Mnamo saa kumi alasiri nilienda kumpa uji. Mfuko wa kaptula yake ulikuwa na rangi ya waridi. Viganja vyote viwili vilikuwa na rangi. Na kile kidole gumba alichokuwa akikinyonya usiku kilikuwa na rangi hadi kwenye ukucha.

Sijui nilifikaje barabarani. Mume wangu alichana kipande cha mfuko wa mbegu chenye maandishi ya dawa akanitupia nikiwa nimeshapanda bodaboda. Hilo nalisema kwa kila mkulima mwenye mtoto: chukua ule mfuko, maana zahanati hawawezi kukisia ni sumu gani. Mganga wa zamu aliusoma, akamwosha mikono na mdomo, akaangalia macho, akatuweka pale hadi giza lilipoingia. Nilimuuliza mtoto kama amekula. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza mbegu ameziweka wapi. Kimya. Nikauliza tena, na tena, sauti ikipanda, mpaka mganga, mama wa makamo, akaniwekea mkono begani akaniambia: "Mama, mtoto yuko salama. Muache sasa." Nyumbani alilala akiwa amenipa kisogo.

Siku chache kabla ya Krismasi mama mkwe alikwenda kumwaga majivu nyuma ya jiko, akaniita kwa sauti ndogo. Nikamkuta amechuchumaa. Pale ukutani, chini ya mchirizi wa bati panapodondoka maji ya mvua, kulikuwa na miche ya mahindi imejibana pamoja, kijani kibichi, 11 kwa hesabu. Pembeni yake udongo ulikuwa umefukuliwa na kurudishiwa. Tulipouondoa kwa vidole tukakuta kiazi kilichooza, maganda ya karanga, na kitu kilichokuwa ugali, sasa kimejaa sisimizi. Ilikuwa ghala yake. Alikuwa akienda pale kila siku, na sisi watu watano wazima na nusu wazima hatukuwahi kumwona.

Nilinyoosha mkono kuing'oa ile miche. Mama mkwe akanishika kifundo.

Aliniambia jambo ambalo hata mwanawe hakuwa analijua. Akiwa mdogo, mwaka mmoja wa njaa, alipelekwa kuishi kwa watu. Alikuwa akishona maharage kwenye pindo la nguo yake, punje moja moja, asiseme kwa mtu. Alikuwa anashiba kule, alisema, ila hakujua atashiba mpaka lini. "Huyu hajaiba," akasema. "Huyu anajiwekea akiba ya siku mtakayomrudisha."

Huyu ndiye mama aliyeniambia mtoto wa watu hurudi kwao. Nikajua sasa neno lile alilitoa wapi.

Jioni ile alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalisugua kwa mchanga, akakaanga mahindi, akalijaza mpaka juu na kuliweka kwenye kitanda cha mtoto, upande wa kichwani. Akamwambia: hili ni lako, hutaomba ruhusa, na mimi nitalijaza kila siku. Mimi akaniambia pembeni lisiwahi kukutwa tupu. Tukalijaza kila jioni. Asubuhi lilikuwa tupu. Wiki tatu, wiki nne, tupu. Nilifikia kuhofia tumbo lake. Katikati ya Februari, wakati ambao hata vihenge vya wakulima hutoa mwangwi, asubuhi moja nikakuta kopo limebaki nusu. Nilikaa kitandani pale nikiwa nimelishika, nikalia. Machi kuna siku alilisahau kabisa.

Jambo la pili lilichelewa zaidi kunifikia. Mume wangu alikwenda Mbeya kuuza viazi, siku tatu. Alipoanza kupanga nguo kwenye begi mtoto alinyamaza, na kwa siku zote tatu aligusa chakula tu. Nilidhani ni malaria, nikampima, hakuna kitu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeona: "Mama, anaogopa begi." Kila mara begi lilipofungwa katika maisha yake, kuna mtu hakurudi, au yeye mwenyewe hakurudi. Na sisi mwaka mzima tulikuwa watu wa safari, mara Njombe kwenye karatasi, mara Iringa kwa wakili, mara mnadani. Kuanzia hapo tukaweka utaratibu. Anayesafiri anamwambia mtoto siku moja kabla anakwenda wapi na atalala mara ngapi, na anaacha kitu chake ambacho lazima akirudie. Mume wangu alikuwa akiacha kofia yake. Mtoto aliitundika mwenyewe kwenye msumari, na usiku kabla ya kulala alikwenda kuiangalia kama bado ipo.

Na mimi? Baada ya zile wiki za kwanza alikuwa ameacha kuniita mama. Aliwasikia majirani wakiniita kwa jina la binti yangu mkubwa, mama fulani, naye akawa ananiita hivyohivyo, kama mama wa dada yake na si zaidi. Iliniuma, nakiri. Lakini nilimwacha, maana angalau jina lile lilikuwa langu peke yangu. Hakumwita mpishi hivyo.

Tulivuna kuanzia mwishoni mwa Juni 2023, baridi ikiwa ya kukata masikio. Viwavijeshi walitusumbua upande wa bondeni, ila mbolea ilijibu, na mashine ya kupukuchua iliponyamaza tulikuwa na magunia 74. Ile miche ya nyuma ya jiko ilitoa mahindi tisa, mafupi, mengine yana mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno. Mama mkwe aliyaanika peke yake na kusimamia asiyaguse mtu.

Siku lori la mnunuzi lilipokuja, mtoto alilia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia. Tulikuwa hatujamwambia. Aliona magunia yanapanda, moja baada ya jingine, na alichoelewa ni kwamba chakula kinaondoka. Mume wangu alisimamisha upakiaji. Wapakizi walinung'unika, dereva akapiga honi, yeye akamchukua mtoto mkono wakaingia stoo. Magunia 20 ya kula yalikuwa yamepangwa mle. Wakayahesabu pamoja, na kwa kila gunia mume wangu akachora mstari wa mkaa ukutani. Mistari 20. "Lori halijui njia ya humu," akamwambia. Kwa wiki nzima mtoto aliingia stoo asubuhi na kuhesabu, na ndivyo alivyojifunza kufika 20 kabla hajaanza chekechea. Mistari ile haijafutwa.

Fedha ya yale magunia ilimlipa wakili na kutupeleka Iringa. Shauri la kuasili kwetu lilikwenda Mahakama Kuu, na mara mbili tulikuwa tumekwenda bila mtoto na kuambiwa turudi. Mwishoni mwa Agosti tukatakiwa kwenda naye. Niliogopa lile begi kuliko nilivyomwogopa jaji. Siku moja kabla nilimwambia: tunakwenda Iringa, mimi, wewe na baba, tutalala mara mbili, tutarudi sote. Hakujibu. Aliinuka, akaenda mlangoni, akavua viatu vyake vya mvua, vile vya plastiki vya kijani alivyokuwa akishinda navyo bandani kwa ng'ombe, akavibeba mpaka chumbani kwa bibi yake. Akaviweka chini ya kitanda cha bibi, vikitazama mlango.

"Nitakuja kuvichukua," akamwambia.

Tulisikilizwa faragha, mlango umefungwa. Afisa ustawi wa jamii alisoma taarifa yake. Jaji alituuliza kama tunaelewa kwamba amri hii haina kurudi nyuma, tukasema tunaelewa. Kisha akamwinamia mtoto, akamuuliza anaishi na nani. Akahesabu kwa vidole: bibi, baba, dada mkubwa, dada mdogo, ng'ombe wawili. Akafika kwenye kidole cha mwisho, akanitazama.

"Na mama yangu," akasema.

Mengine yaliyosemwa mle ndani nimeyasoma baadaye kwenye nakala ya amri, maana siku ile sikuyasikia. Bado kulikuwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na cheti chenye majina yetu, na hilo nalo lilituchukua miezi. Wanaoniuliza nawaambia wasihesabu siku ya mahakama kuwa mwisho wa foleni.

Tulirudi usiku, basi lilikuwa limejaa, mtoto amelala mapajani kwa baba yake. Pale stendi ya Makambako upepo ulimwamsha. Hakuongea njia nzima. Nyumbani alipita sebuleni bila kumsalimu mtu, akaingia chumbani kwa bibi, akapiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda. Viatu vilikuwa palepale, vikitazama mlango. Akavivaa, kushoto kulia na kulia kushoto, akaja jikoni kuuliza kama ugali umebaki.